Barua ya wazi kwa Bodi na Mkurugenzi Mkuu: anayelinda sampuli usiku naye ni mwanasayansi

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Mkurugenzi Mkuu,
Watafiti wakuu wa miradi yote,
Taasisi yetu ya utafiti wa afya.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: USALAMA, MIKATABA NA MAJINA YA WANAOFANYA KAZI MAABARA, CHUMBA CHA MBU NA UWANDANI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Sisi ni mafundi sanifu wa maabara, watunzaji wa chumba cha mbu, wadodosaji, wasaidizi wa uwandani, madereva na watafiti wasaidizi. Machi tuliandika kupitia ofisi ya rasilimali watu. Juni tuliandika moja kwa moja kwa Mkurugenzi Mkuu. Septemba tulikaa na wakuu wa vitengo kwa saa mbili, tukaahidiwa majibu ya maandishi ndani ya mwezi mmoja. Hayajafika. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani, bila kutaja jina la taasisi wala la mtu, kwa kuwa tunachotaka ni mambo yarekebishwe.

Kabla ya hoja zenyewe, tueleze kwa nini tunaziona zote kuwa ni jambo moja. Utafiti hausimami kwa mashine. Unasimama pale mtu anapoweza kusema mapema, "hapa nimekosea", au "jokofu lilipanda joto usiku", na neno lake likaandikwa. Mtu ambaye mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, ambaye jina lake haliko popote, na ambaye kikao cha usalama kiliendeshwa kwa lugha asiyoimudu, hana pa kulisemea hilo. Atanyamaza. Na akinyamaza, takwimu zinaharibika na watu wanaumia. Yote yanayofuata yanatoka hapo.

1. Naitrojeni inayosafirishwa vioo vikiwa juu

Kila safari ya kukusanya sampuli, tangi la naitrojeni kimiminika, la kugandishia sampuli, hupakiwa nyuma ya gari. Barabara ina vumbi, kwa hiyo dereva hupandisha vioo na kuwasha kiyoyozi. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba lita 1 ya kimiminika hicho, kilichomo tangini kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, ikipata joto hugeuka kuwa karibu lita 700 za gesi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Kazi yake ni kuchukua nafasi ya oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kengele za tahadhari hutegwa zilie inapofika 19.5. Ikishuka sana, mtu huanguka bila hata kuhisi kwamba pumzi imekata, kwa sababu kinachomfanya binadamu ahangaike kutafuta hewa ni kaboni dayoksaidi kurundikana mwilini, na hapo anaendelea kuitoa kama kawaida.

Sasa pigeni hesabu ya chumba chetu cha matangi. Ni mita 3 kwa 3, na dari iko mita 2.5 kutoka sakafuni, yaani mita za ujazo 22.5. Tangi moja la lita 30 likipinduka na kumwagika lote, hutoa gesi ya takriban mita za ujazo 21. Chumba kina dirisha moja, nalo limezibwa kwa ubao ili ubaridi usitoke. Hakina kipima oksijeni. Mlango wake unafungukia ndani, kwa hiyo aliyeanguka nyuma yake anauzuia kwa mwili wake. Na anayekimbilia kumwokoa mwenzake anavuta hewa ileile na kuanguka juu yake.

Kuna na jambo la vichupa. Kichupa cha sampuli kilichozama kwenye kimiminika, kama kifuniko chake hakikukazwa sawasawa, hunyonya naitrojeni kidogo kidogo. Ukikitoa kwenye joto la chumba, kile kilichoingia taratibu hutaka kutoka kwa mara moja, na kichupa hupasuka mkononi au usoni. Ndiyo maana pawe na ngao ya uso, na glavu nene zilizolegea ambazo unaweza kuzikung'uta zikatoka pale kimiminika kinapoingia ndani. Tuna ngao mbili kwa watu saba, na moja ina ufa.

Maelekezo ya usalama yapo, hatukatai. Yamebandikwa ukutani, kurasa 11 za Kiingereza, na kila mmoja wetu ametia saini kwamba amesoma na kuelewa. Wakati huohuo, fomu ya ridhaa ya mshiriki wa utafiti haipiti kwenye kamati ya maadili bila nakala ya Kiswahili, kwa kuwa inafahamika wazi kwamba huwezi kumwomba mtu akubali hatari asiyoielewa. Tunauliza kwa heshima: dereva, mlinzi na mfanya usafi wa maabara, ridhaa yao ilichukuliwa kwa lugha gani?

2. Sindano, na kitabu cha ajali kilicho kitupu

Mtu akijichoma na sindano yenye damu, saa inaanza kuhesabu. Anaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, hakikamui, anatoa taarifa, chanzo cha damu kinapimwa kama inawezekana, na dawa za kinga dhidi ya VVU zinaanza mapema kadiri iwezekanavyo. Baada ya saa 72 mlango umefungwa. Zikishaanza, hunywewa siku 28 bila kuruka.

Kwetu, fomu ya ajali inahitaji saini tatu: ya msimamizi, ya mtafiti mkuu na ya rasilimali watu. Dawa zimo kabatini, na ufunguo unakaa kwa mtu ambaye Jumamosi hayupo kazini. Jumamosi ndiyo siku tunayopokea sampuli nyingi kuliko siku zote kutoka kliniki za jirani.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni kisa kingine, na hiki kinauma zaidi kwa sababu kingeepukika kwa kalamu tu. Hutolewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 tangu ya kwanza. Kisha mwezi mmoja au miwili baadaye hupimwa kama kingamwili zimejengeka. Wengi wetu tuna mikataba ya miezi 3. Kwa hiyo tunaambiwa hakuna maana ya kuanza chanjo ambayo mtu "huenda asiimalize". Mkataba unaongezwa, unaongezwa tena, mtu anatimiza mwaka wa nne akishika damu kila siku, na hajapata hata dozi ya kwanza.

Kitabu cha ajali cha mwaka huu kina ukurasa mmoja ulioandikwa. Tunawasihi Wajumbe wa Bodi msikisome kama habari njema. Anayejichoma wiki mbili kabla ya mkataba kuisha anaifunga plasta na kwenda nyumbani.

3. Mikataba ya miezi 3 na mbu wa Jumapili

Mbu hawajui Jumapili, wala Idi, wala Krismasi. Chumba chao kinatakiwa kukaa kwenye joto la kama nyuzi 27 na unyevu wa kama asilimia 80, saa 12 mwanga na saa 12 giza, na viluwiluwi vilishwe kila siku. Chakula ni cha samaki kilichosagwa, na kipimo chake kinategemea umri wa viluwiluwi na idadi yao kwenye trei. Kikizidi, utando hujitanda juu ya maji. Kiluwiluwi hupumulia usoni mwa maji, kwa hiyo asubuhi unakuta trei nzima imekufa. Kikipungua, mbu wanatoka, lakini wadogo na dhaifu.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Kwenye jaribio la Shirika la Afya Duniani la kupima usugu, yaani kama mbu wamezoea dawa ya kuwaua, mbu jike 20 hadi 25 wenye umri wa siku 3 hadi 5 huingizwa kwenye bomba lenye karatasi iliyopakwa kiuatilifu, wakakaa humo saa 1, kisha hesabu ya waliokufa hufanywa baada ya saa 24. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Wakifa 98 au zaidi, dawa bado inafanya kazi. Katikati, inashukiwa na inatakiwa kurudia. Mbu aliyelala njaa akiwa kiluwiluwi hufa kirahisi. Mbu waliokuwa wafe 85 kwa 100 wakafa 93, usugu uliokuwepo unageuka "inashukiwa", na ripoti hiyo ndiyo inayokwenda kwa wanaochagua dawa ya kupulizia majumbani.

Anayelisha viluwiluwi Jumapili ni nani? Ni mtu wa mkataba wa miezi 3, peke yake, asiye na posho ya usafiri ya mwisho wa wiki. Akiugua, akakosa daladala, au akazidisha chakula kwa mkono uliochoka, swali ni kama Jumatatu atathubutu kuandika kwenye daftari, "trei ya 6 na ya 9 hazikulishwa". Sentensi hiyo ina thamani kuliko kitendanishi chochote mlichoagiza mwaka huu. Lakini anayeiandika anajua kwamba barua ya kuongezewa mkataba bado haijatiwa saini.

Hivyohivyo kwa majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kengele ikilia saa 8 usiku, simu inampigia fundi, wala haimpigii mtafiti mkuu. Fundi hana gari, na hakuna orodha ya zamu iliyosainiwa na mtu yeyote. Hukodi bodaboda kwa fedha yake, hufika, hukuta jenereta imewaka lakini umeme haujahamia upande wake, au kichujio cha vumbi kimeziba na kompresa imechemka. Gharama ya bodaboda hurudishwa "mradi ukiruhusu".

4. Wajawazito na wanaonyonyesha

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inasema wazi. Mjamzito au anayenyonyesha hatakiwi kupangiwa kazi yenye hatari kwake au kwa mtoto. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayenyonyesha ana hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Maabara yetu ina kemikali zenye mvuke wa sumu: formalini, klorofomu na fenoli. Mwenzetu anapojigundua ana mimba, jambo sahihi ni kumwambia msimamizi wiki hiyohiyo ili ahamishiwe kwenye kazi ya takwimu au ya kupokea sampuli, mshahara uleule. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa kwa kichanga kinachoumbika. Lakini ndiyo hiyohiyo miezi ambayo mwanamke wa mkataba mfupi huificha mimba, akisubiri kwanza asaini. Hatujui namna nyingine ya kulieleza hili: mkataba wa miezi 3 unamweka mtoto kwenye mvuke wa fenoli.

Akirudi kutoka likizo, hana chumba. Maziwa hukamuliwa chooni na kuwekwa kwenye jokofu la chai, kati ya soda na maandazi ya watu. Maziwa ya mama katika joto la nyuzi 25 hukaa saa 4 tu, na vyumba vyetu hupita joto hilo ifikapo saa 4 asubuhi. Hawezi kuyaweka kwenye jokofu la sampuli, wala asiwekewe humo na mtu yeyote. Kinachohitajika ni chumba chenye kitasa kinachofungwa kwa ndani, kiti, sinki, soketi ya umeme na jokofu dogo. Chumba cha mafaili ya zamani mkabala na uhasibu kina vyote hivyo isipokuwa jokofu.

5. Majina

Tumeona makala nne zilizotoka kwenye data tulizokusanya. Kwenye mbili tumeshukuriwa kama "timu ya uwandani". Kwenye nyingine mbili hatumo kabisa.

Jibu tulilopewa Septemba ni kwamba hatukidhi vigezo vya kuwa waandishi wa makala, vilivyowekwa na Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba. Tumevisoma. Ni vinne: mchango wa maana katika kubuni kazi au kupata, kuchambua au kufasiri data; kushiriki kuandika au kuipitia rasimu kwa jicho la kitaalamu; kuidhinisha nakala ya mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Kamati hiyohiyo imeonya kwamba vigezo hivi visitumike kumwengua mtu aliyetimiza cha kwanza kwa kumnyima nafasi ya kutimiza cha pili au cha tatu. Rasimu haikutumwa kwetu. Huwezi kumfungia mtu mlango halafu ukaandika kwamba hakuingia.

Na kwa mchango usiofikia uandishi, upo mfumo wa CRediT, wa kutaja kwenye makala nani alifanya kazi gani, wenye majukumu 14, yakiwemo kufanya uchunguzi wenyewe, kutunza data na kutoa nyenzo. Majarida mengi huuliza. Ni suala la kujaza fomu.

Jambo hili halikuanza leo katika nchi zetu. Agosti 1984, kando ya mto Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Kenya, mtafuta visukuku Kamoya Kimeu ndiye aliyekiona kipande cha kwanza cha fuvu la yule kijana wa kale ambaye dunia nzima sasa inamjua kama Kijana wa Turkana. Makala ya kwanza ya kisayansi iliyomtangaza, ya mwaka 1985, ina waandishi wanne na Kimeu si mmoja wao. Upande wa pili, mwaka 1969 ilichapwa makala kuhusu maji ya moto kuganda kabla ya maji baridi. Jina la kwanza juu yake ni la Erasto Mpemba, aliyeliona jambo hilo mwaka 1963 akitengeneza aiskrimu, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba. La pili ni la Denis Osborne, ambaye hakuwa mwalimu wake wa shule, ila mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam aliyekubali kulijaribu swali la mwanafunzi. Tunaisifu heshima hiyo. Lakini mle ndani yupo mtu wa tatu: fundi wa maabara aliyefanya jaribio pale chuoni, akarudi na jibu kwamba kweli ya moto yametangulia, na akaahidi kulirudia mpaka jibu "sahihi" lipatikane. Ametajwa kwa kazi yake. Jina hana.

6. Mengine mawili kwa kifupi

Nauli na ada za mikutano hulipwa na mhusika kwanza, kisha hurudishiwa baada ya miezi. Asiye na akiba haendi, na asiyekwenda hajulikani. Tunaomba masurufu yatolewe kabla ya safari.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Jengo la maabara lina ngazi sita mlangoni na halina njia ya kiti cha magurudumu.

Majibu tuliyokwisha kuyasikia

"Mfadhili haruhusu." Bajeti tunaziandika sisi, hapahapa, na mfadhili huzipokea kama tulivyoziandika au huuliza. Warsha ya hoteli huwa na kifungu chake. Kipima oksijeni na chanjo navyo viwe na vyao.

"Fedha za mradi huja kwa awamu, ndiyo maana mikataba ni mifupi." Mradi wa miaka 3 unajulikana ni wa miaka 3 siku ya kwanza. Kama awamu zina mashaka, andikeni mkataba wa muda wa mradi wenye kifungu cha notisi. Mashaka yote yasibebwe na mwenye mshahara mdogo kuliko wote.

"Wapo wengi nje wanaoitaka kazi hii." Wapo, nasi tunawaheshimu. Lakini kumfundisha mtu mpaka atenganishe aina mbili za mbu wa malaria, gambiae na funestus, kwa jicho chini ya hadubini bila kukosea si kazi ya wiki moja. Kila anayeondoka anaondoka na ujuzi huo.

"Sera ya jinsia ipo." Tumeisoma pia. Haina chumba.

Tunachoomba

Ndani ya siku 14: dirisha la chumba cha matangi lizibuliwe, mlango ugeuzwe ufungukie nje, hakuna anayeingia humo peke yake, na hakuna tangi linalosafirishwa kwenye gari ambalo hewa ya nyuma inachanganyika na ya dereva, ikilazimu, vioo vishushwe. Ufunguo wa kabati la dawa za kinga ukae kwa mlinzi wa zamu, na saini zifuate baada ya dozi ya kwanza, si kabla.

Ndani ya siku 60: kipima oksijeni chenye kengele kifungwe, ngao ya uso kwa kila anayeshika naitrojeni, maelekezo yote ya usalama yawe kwa Kiswahili, yafundishwe kwa vitendo, na madereva, walinzi na wafanya usafi wawemo, chanjo ianze kwa kila anayeshika damu bila kuangalia urefu wa mkataba, na anayeondoka apewe kadi yake ili amalizie kwingine, chumba cha mafaili kigeuzwe cha akina mama, zamu za usiku na za mwisho wa wiki ziandikwe, zisainiwe na zilipwe.

Kuanzia mradi ujao: mkataba uwe wa muda wa mradi, kila protokali, yaani mpango wa utafiti, iwe na ukurasa wa majina unaosema tangu mwanzo nani atatumiwa rasimu, na ajali au kosa lililoripotiwa ndani ya saa 24 lisiwe sababu ya mtu kutoongezewa mkataba. Hili la mwisho tunaliomba liandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Likibaki kauli ya kikaoni halitatusaidia.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vituo vyote vitatu, kwa Kiswahili. Wawakilishi wetu watano wako tayari kukutana nanyi siku yoyote kuanzia saa 8 mchana, isipokuwa Jumatano, ambayo ni siku ya kuwalisha mbu damu.

Wenu katika kazi,

Wafanyakazi wa maabara, chumba cha mbu, uwandani na usafirishaji

Nakala:
Kamati ya Maadili ya Utafiti
Wawakilishi wa wafadhili wa miradi
Tawi la chama cha wafanyakazi
Ubao wa matangazo